Mkono wa Kulia wa Nasieku

Jumatatu, 11 Machi. Kitengela

Utafiti umeanza leo. Chumba chetu kiko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, nacho kina meza moja, viti vichache, kamera mbili na dirisha linalotazama barabara ya Namanga. Fomu zote ni za Kiingereza. Msimamizi wetu, Daktari Kinyanjui, atachapisha matokeo kwa Kiingereza. Shajara hii naiandika kwa Kiswahili kwa hiari yangu, kwa sababu nimegundua kwamba naweza kuieleza kazi hii mbele ya maprofesa, lakini siwezi kumweleza mtu ambaye mkono wake ndio ninaoupima. Hilo ni pengo, nami sipendi kuwa na mapengo.

Nieleze basi. Tunachunguza watu wazima wenye mtindio wa ubongo, hali inayotokea ubongo unapodhurika kabla ya mtoto kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Dhara lenyewe haliongezeki, ila amri za ubongo kwa misuli huwa zimevurugika maisha yote. Kwa wale tuliowachagua, ni upande mmoja tu wa mwili ulioathirika. Mkono wa upande huo hujikunja: kiwiko hupinda, kifundo huinama, vidole hukifumbata kidole gumba. Mkono mzima hujifunza kufanya kila kitu, na mwenzake husahauliwa. Sisi tunaufunga ule mzima kwa glavu nene na kuuning'iniza shingoni kwa kitambaa muda wote wa kikao, ili ule uliosahauliwa ulazimike kufanya kazi. Kisha tunapima unafika umbali gani, kwa kasi gani, na kiwiko kinanyooka nyuzi ngapi.

Mimi ni Mutheu, mtaalamu wa tiba ya viungo, mhitimu wa Desemba iliyopita. Nataka jina langu liwemo katika makala ya kwanza itakayotokana na chumba hiki. Naliandika hilo bila haya.

Alhamisi, 14 Machi

Mshiriki mpya: Nasieku, mwenye umri wa miaka ishirini na mmoja, mkazi wa upande wa Kajiado, mbele ya Isinya. Mkono ulioathirika ni wa kulia. Mumewe, Saruni, anauza mbuzi, na humleta kwa pikipiki siku anazokwenda sokoni.

"Takwenya," nilimsalimu, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza salamu hiyo ya Kimaa asubuhi.

"Iko," aliitikia, kisha akacheka. "Umefunzwa na nani, daktari? Umeisema kama mtu wa redio."

"Mimi si daktari."

"Na hiyo koti nyeupe?"

"Ni ya kazi."

"Basi sawa, daktari."

Nilipomvisha glavu aliutazama mkono wake wa kushoto kama mtu anayeagana na jirani. "Sasa mkinifunga hii mzuri, nikianguka nitajishika na gani?"

"Nitakuwa karibu nawe."

"Wewe? Wewe ni mwembamba hivyo. Tutaanguka wawili."

Fomu humtaka kila mshiriki ataje jambo moja analotaka mkono wake uweze kulifanya. Wengine wamesema kufunga vifungo vya shati, kubeba mfuko wa sokoni, kushika simu huku mkono mwingine ukibonyeza. Nasieku alifikiri kwa muda mrefu.

"Kushika kitu yenye inasonga," alisema.

"Kwa mfano?"

"Kitu tu. Yenye haitulii."

Niliandika hivyo hivyo, ingawa Daktari Kinyanjui hupenda malengo yanayopimika.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua za masika zimeanza. Umeme ulipotea asubuhi nzima. Vikao viwili tu.

Alhamisi, 21 Machi

Nasieku anaendelea vyema. Anafikia kikombe kwa kasi zaidi. Vidole bado.

Jumatatu, 25 Machi

Ili mshiriki asidanganye kwa kuinama mbele badala ya kuunyoosha mkono, tunamfunga kwenye kiti kwa mkanda mpana unaopita chini ya kifua. Leo mkanda wa Nasieku ulihitaji kulegezwa tundu moja. Alhamisi pia nilikuwa nimeulegeza tundu moja, bila kulitilia maanani. Nilisita nikiwa nimeshika kifungio. Yeye alikuwa akitazama dirishani.

"Nasieku, una mimba?"

"Niko nayo."

"Ya miezi mingapi?"

"Saba inaisha." Kisha akageuka. "Usiandike."

Nilimweleza kwamba vigezo vya utafiti vinamkataza mjamzito kushiriki. Mtu aliyefungwa mkono mzima anaweza kuanguka, na akianguka hana cha kujikingia. Kigezo hicho kiko katika fomu aliyotia kidole. Nilimsomea mimi mwenyewe.

"Nilisikia," alisema. "Ndio nikavaa shuka mbili."

Nilimwuliza kwa nini. Akanieleza bila kulia na bila haraka, huku glavu ikiwa bado mkononi. Saruni ana dada, Naisenya, aliyeolewa Kimana, kwenye mashamba ya vitunguu yanayonyweshwa kwa mifereji. Naisenya ana ndoa ya miaka tisa na hana mtoto. Mama yao, ambaye Nasieku humwita Yeiyo, yaani mama, kama wote wa nyumba ile, ameamua kwamba mtoto atakayezaliwa ataenda kulelewa Kimana. Alilisema mbele ya watu: "Naisenya ana mikono miwili na hana mtoto. Wewe una mtoto na huna mikono miwili." Hakuna aliyeliona kuwa neno baya. Mtoto kulelewa na shangazi si ajabu. Saruni mwenyewe alilelewa na nyanya.

"Na unaweza kukataa?"

"Nani? Mimi?" Alicheka. "Bibi ya kijana hakatai. Lakini kwetu mtoto hanyang'anywi. Mama ndiye anampeana na mkono yake, hata kama ameambiwa. Sasa mimi nataka siku hiyo wakikuja wanipate nimemshika vizuri. Labda Yeiyo akiona ataacha. Wewe nifunze tu kushika. Mambo ingine ni yangu."

Ndipo nilipokielewa kile kitu kisichotulia.

Jumanne, 26 Machi

Nimemwarifu Daktari Kinyanjui. Sikuona njia nyingine. Kama Nasieku angeanguka, utafiti wote ungesimamishwa, na lawama ingekuwa yangu. Amemwondoa mara moja. Aliniuliza tu iwapo tunaye wa kushika nafasi yake, nami nikamjibu kwamba tunaye.

Baadaye, wakati wa chai, alisema jambo ambalo sikulitarajia. Mama mwenye mtindio wa ubongo anayejifunza kumpakata mtoto ni habari ambayo haijaandikwa vya kutosha. Nikitaka kumfuata Nasieku nje ya utafiti, kwa muda wangu, bila kumfunga mkono wowote, na kwa ridhaa yake na ya nyumba yake, ninaweza kuandika ripoti ya mtu mmoja. Mwezi wa Juni kutakuwa na mkutano mjini Kajiado, wataalamu na familia pamoja, na yeye ndiye mwandalizi. "Ukiwa na video ya kabla na ya baada, nitakupa nafasi. Jina lako peke yako."

Nilimpigia Nasieku simu kabla chai haijaisha.

Jumamosi, 6 Aprili. Kwa akina Nasieku

Matope meusi yalinivua kiatu cha kushoto mara mbili kati ya barabara na boma. Nyumba ni ya mabati, na nyuma yake iko ya zamani ya udongo inayotumiwa kwa kupikia. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni akitoboa ngozi. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti isiyopandishwa. Niliinamisha kichwa kama nilivyoelekezwa, naye akakigusa.

"Huyu ndiye anafunga watu mikono?" alimwuliza Saruni.

"Hapa hafungi, Yeiyo. Hapa anafungua."

"Hm. Afungue na hilo lango la ng'ombe, limekwama tangu juzi."

Wote walicheka, nami nikacheka baada yao. Alinipa ridhaa ya kuja kila Jumamosi. Ridhaa ya mtoto kubaki sikuiomba. Si kazi yangu.

Nimepima. Kiwiko cha Nasieku hakinyooki kupita nusu ya njia. Akivutwa ghafla, misuli hukaza zaidi, na hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya mikono ya namna hii: ukiipigania, inashinda. Tumeanza na bega. Anainama kidogo, analiacha bega lianguke kwa uzito wake, anatoa pumzi polepole, na kiwiko kinalegea chenyewe. Leo kililegea kidogo sana. Nimerekodi video ya kwanza.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo nimefanya kosa, na nitaliandika kwa ukamilifu.

Nilihitaji kitu chenye uzito wa mtoto mchanga. Nilinunua unga wa mahindi pakiti mbili, kisha, nikiwa dukani, nikaona shali nyeupe ya watoto na kofia ya sufu, nikavinunua pia. Nilidhani zoezi likifanana na jambo lenyewe litafaa zaidi. Vitabu vyote vinasema hivyo. Ndani ya nyumba niliufunga ule unga katika shali, nikauvika kofia, nikamwekea Nasieku mkononi. Hakuupokea vizuri. Nilifikiri ni misuli.

"Mshike kichwa," nilimwambia. "Kichwa ndicho cha kwanza."

Mama mkwe akaingia na kuni. Alisimama.

"Hiyo ni nini?"

"Ni mtoto wa mazoezi, Mama."

Aliziweka kuni chini moja moja. Akaja, akaivua ile kofia kwa vidole viwili, akaona karatasi ya unga.

"Unga huliwa," alisema.

Nasieku alikuwa ametazama chini, na mkono wake wa kulia ulikuwa umekaza hadi kifundo kikageuka cheupe. Mama mkwe aliniashiria mlango kwa kidevu. Vitu vyangu vilitolewa nje nyuma yangu, vyote isipokuwa unga, ambao ulimwagwa nyuma ya nyumba. Mbuzi walifukuzwa wasiule.

Saruni alinirudisha barabarani kwa pikipiki. Hakuwa amekasirika, alikuwa akinishangaa.

"Mutheu, hata nyinyi Wakamba hamngojangi mtoto azaliwe kwanza ndio mnunue nguo?"

"Tunangoja."

"Sasa?"

Mama yangu hakunishonea hata kitambaa kabla sijazaliwa, na nilipomsimulia leo kwa simu aliniuliza kama nilisahau nilikotoka. Sikusahau. Nilidhani tu kwamba, kwa kuwa nimevaa koti jeupe, jambo hilo halinihusu.

Jumamosi, 20 Aprili

Sikwenda. Sikuitwa.

Jumatano, 24 Aprili. Kitengela

Mvua haijakatika tangu Jumatatu. Mto umefurika, barabara imefungwa, na mitaa ya bondeni imeingia maji hadi madirishani. Hakuna mshiriki hata mmoja aliyefika. Daktari Kinyanjui amepiga simu kuuliza kuhusu kamera. Nimeziinua juu ya kabati.

Ijumaa, 26 Aprili

Maji. Hakuna kazi.

Jumapili, 28 Aprili

Saruni amepiga simu. "Yeiyo anasema ukuje barabara ikifunguka. Lakini usikuje na mtu wa unga."

Nilimwuliza ni nini kimembadilisha.

"Si yeye amebadilika. Ni Nasieku amekataa kula mpaka urudi. Yeiyo akasema mjamzito hafungi Kwaresima, na Kwaresima imeisha."

Jumamosi, 4 Mei. Kwa akina Nasieku

Nimerudi. Niliomba radhi kwa Kimaa, kwa sentensi moja niliyofundishwa na mwenye duka la chini yetu. Mama mkwe alinisikiliza hadi mwisho. "Umeisema vibaya," alisema, "lakini nimeshika." Akanimiminia chai.

Mvua imeleta majani, na mbuzi wanazaa kila siku. Wana wao hulala ndani, nyuma ya ubao, kwa sababu ya baridi. Jioni huchukuliwa mmoja mmoja kwa mama zao kunyonya, kisha hurudishwa. Kazi hiyo ni ya yeyote aliye karibu. Nasieku sasa ameichukua yote. Kitoto cha mbuzi kina uzito wa mtoto mchanga, kina joto, kinapiga mateke, na hakuna mwiko unaokataza kukibeba. Sikumfundisha hilo. Nilimkuta akilifanya, na kazi yangu ikawa kumrekebisha bega.

"Usikishike kwa nguvu. Bega kwanza. Toa pumzi."

"Nikitoa pumzi na yeye anatoa mkojo," alisema, na kweli kilimkojolea.

Nimeona leo jambo ambalo sikuwa nimeliona Kitengela. Mkono ulifunguka. Aliinama, bega likashuka, pumzi ikatoka, na kiwiko kikanyooka polepole mpaka kile kiumbe kikateleza salama hadi majani. Alirudia mara kadhaa. Nimepima: kinanyooka karibu robo tatu ya njia sasa. Vidole bado havina nguvu, na kasi haijabadilika hata kidogo. Nimerekodi. Nilipokuwa nikipima, Saruni ndiye aliyenishikia simu.

Jumamosi, 11 Mei

Kama juma lililopita. Mvua asubuhi, jua mchana. Kiwiko vilevile. Miguu yake imevimba. Nimemsihi aende kliniki, na Saruni amempeleka.

Jumatano, 15 Mei. Kitengela

Daktari Kinyanjui ametazama video mara tatu. Katika mara ya tatu aliisimamisha pale mkono unapofunguka, akasema, "Hii ndiyo picha." Ratiba ya mkutano wa Kajiado imechapishwa, na jina langu limo, Ijumaa ya tarehe 14 Juni. Nimempelekea mama yangu nakala. Familia za kaunti nzima zimealikwa, za Isinya zikiwemo.

Alhamisi, 23 Mei

Nasieku amejifungua jana mjini Kajiado. Msichana. Wote wazima.

Jumamosi, 1 Juni. Kwa akina Nasieku

Mvua zimekwisha na baridi imeingia. Nilimkuta mama mkwe akiwa na mtoto. Ndivyo ilivyokuwa tangu waliporudi: nyanya humshika, mama hupewa wakati wa kunyonyesha, kisha nyanya humchukua tena. Nilikuwa nimemfikiria kuwa ni mwanamke mkatili, na nadhani niliwahi kumwambia Daktari Kinyanjui hivyo. Leo alinionyesha nyumba ya kupikia. Moto huwaka katikati, kwenye mawe matatu, na mlango ni mfupi, mtu huingia ameinama.

"Moto uko hapa," alisema, akiuelekezea mguu. "Mtoto yuko hapa. Mkono mmoja uko hapa. Nikienda kuchota maji, wewe daktari utakuwa wapi?"

Ni swali zuri kuliko yote tuliyoyaandika katika fomu.

Naisenya atakuja Jumamosi ijayo.

Wakati wa kunyonyesha nilimtazama Nasieku akimpokea mtoto. Aliinama, akatoa pumzi, mkono ukafunguka, mtoto akawekwa, mkono ukajikunja. Ukabaki hivyo. Kwa miezi mitatu nimekuwa nikikipima kile kiwiko kilivyopinda, na kukiandika kuwa ni kasoro. Leo kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala katika pindo lake, sawasawa kabisa, na mkono wa kushoto ulikuwa huru. Kwa mkono huo Nasieku alikuwa akisogeza kuni motoni. Mwanamke mwenye mikono miwili kama yangu angechoka baada ya muda. Mkono ule haukuwa na cha kuchoka. Ulikuwa umekaa katika hali yake ya kila siku.

"Mama ameona hivi?" nilimwuliza.

"Yeye akiniona na mtoto anaangalia moto tu."

Alhamisi, 6 Juni. Kitengela

Nimeyaandaa maelezo ya mkutano. Daktari Kinyanjui amefuta neno "labda" mahali pawili.

Jumamosi, 8 Juni. Kwa akina Nasieku

Naisenya alikuwa ametangulia kufika. Ni mwanamke mnene kidogo, mpole, aliyevaa koti la mvua la mumewe, na alikuwa ameleta gunia la vitunguu, sukari na blanketi jipya. Aliongea sana kuhusu bei ya nyanya. Hakumtazama mtoto. Niliona kwamba alikuwa akijizuia asimtazame mapema.

Chai ilinywewa. Tulikuwa watano ndani: mama mkwe, Saruni, Naisenya, Nasieku na mimi. Nasieku alikuwa ameketi kitandani, mtoto mkono wa kulia, amekwisha nyonya, amelala. Saruni alitazama viatu vyake muda wote. Mama mkwe alisema maneno ya Kimaa ambayo nadhani yalikuwa ya baraka, kisha akabadili lugha, na nilielewa kwamba alitaka nami nisikie.

"Nasieku. Mpe dada yako."

Naisenya alitandaza blanketi magotini na kunyoosha mikono yote miwili.

Nasieku hakukataa. Aliinua uso, akasema kwa heshima kamili, "Yeiyo, mkono haufunguki."

"Haufunguki namna gani?"

"Umekaza. Labda ni hii baridi."

"Jaribu."

Alijaribu. Mimi peke yangu nyumbani mle niliona alichokuwa akikifanya. Hakuinama, alikaa wima. Bega halikushuka, lilipanda. Na alikuwa amevuta pumzi akaizuia. Kila nililomfundisha alilifanya kinyume, kwa usahihi ambao katika vikao vyetu nilikuwa nikiutafuta bila kuupata. Mama mkwe alikuja akakishika kiwiko na kukivuta, kwa upole lakini kwa haraka. Kikajifunga zaidi. Mtoto aliguna, hakuamka.

Mama mkwe alisimama, akanigeukia.

"Daktari. Wewe ndiye unajua hii mkono. Inafunguka ama haifunguki?"

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Ndani yake mkono ule unafunguka mara nyingi, kwenye mwanga mzuri, na mbuzi anateleza salama hadi majani. Saruni mwenyewe alikuwa ameuona, nilikumbuka hivyo, kwa maana siku moja ndiye aliyenishikia simu. Nilimtazama. Bado alikuwa akitazama viatu vyake.

"Haifunguki, Mama," nilisema.

"Na miezi hii yote ulikuwa unafanya nini hapa?"

"Nilikuwa najaribu."

"Ukashindwa?"

"Nilishindwa."

"Umesoma chuo kikuu."

"Ndiyo, Mama."

"Ukashindwa na mkono."

"Ndiyo."

Kuku mmoja aliingia, akatazama, akatoka. Mama mkwe alirudi kwenye kigoda chake, akaketi, na nilipomtazama usoni sikuweza kujua kama alikuwa na hasira.

"Mwaka mzima tumekaa hapa tukisema huyu hawezi kushika," alisema. "Kumbe kushika anaweza. Hawezi kuachia."

Saruni ndiye aliyecheka kwanza. Naisenya hakucheka. Mikono yake ilikuwa bado hewani. Aliirudisha magotini, akalikunja blanketi katikati, tena katikati, likawa dogo sana. Nilitaka kutoka nje, lakini mlango ulikuwa nyuma yake.

"Basi," alisema hatimaye. "Mkono ukikataa, umekataa." Akainuka, akamfunika mtoto kwa lile blanketi, juu ya mkono uliokunjwa, akaupapasa mguu wake mdogo. "Nitakuwa nakuja kumwona."

"Utakuja," alisema Nasieku. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Atakuita yeiyo, wewe pia."

"Na hii ingine ikikuja, nayo tutaona," alisema mama mkwe, akimaanisha mimba ijayo, na Nasieku akainamisha kichwa.

Mama mkwe na Saruni walitoka kumsindikiza Naisenya hadi barabarani. Nilibaki na Nasieku. Sauti zilipopita lango, alitoa pumzi ndefu. Bega likashuka. Kiwiko kikafunguka taratibu, akamhamishia mtoto upande mwingine, akamwekea titi la pili. Mama mkwe alikuwa amesahau fimbo yake, akarudi kuichukua. Alikuwa amesimama mlangoni wakati huo, ameinama, mkono mmoja kwenye mwimo. Aliuona mkono. Aliuona ukifunguka na ukirudi. Akachukua fimbo, akaenda zake.

Jumatatu, 10 Juni. Kitengela

Nimemwomba Daktari Kinyanjui aliondoe jina langu kwenye ratiba; watu wa Isinya watakuwepo ukumbini. Video nimezifuta, pamoja na nakala zilizokuwa kwenye kompyuta ya chumba. Zilikuwa zangu na za Nasieku. Za utafiti sijazigusa. Daktari aliniuliza kama ninajua ni watu wangapi wangependa nafasi ile. Nilisema ninajua.

"Niliuona huo mkono kwa macho yangu, Mutheu. Ulifunguka."

"Kwa mbuzi, Daktari."

"Na kwa mtoto?"

"Kwa mtoto haukufunguka."

"Basi matibabu hayakufaulu."

Nilimwambia kwamba anaweza kuandika hivyo.

Vikao vya alasiri vimeendelea kama kawaida. Mshiriki wa pili, mzee wa Kware, amefikia kikombe kwa mara ya kwanza bila kukiangusha.